Zamu ya Betri

Mimi ni kinyozi. Hakuna aliyewahi kuniita kwa jambo zito.
Kibanda changu kiko Kadutu, chini ya ngazi za udongo
ambazo mvua huzila na sisi huzichonga upya.
Nina viti viwili, kioo chenye ufa,
na betri ya lori niliyoikopea,
umeme usije ukaniachia kichwa cha mtu nusu.

Usiku ule Nsimire aligonga mlango kwa kiwiko.
Mikono yake ilikuwa na kazi:
mmoja umemkumbatia Murhula,
mwingine unaminya mfuko wa mpira,
anauminya, anauachia,
anauminya, anauachia,
kama mtu anayekamua ng'ombe gizani.
Akasema, "Umeme umekwenda."
Basi. Hakusema naomba.

Tangu hapo nimejua mambo yasiyo ya wembe.
Kwamba mashine ya kupumulia hukoroma
kama paka juu ya magunia,
na ikinyamaza nyumba nzima huamka, hata panya.
Kwamba mama anaweza kulala na sikio moja wazi
na alfajiri akauze sambaza kwa uso mzima.
Kwamba majirani wote huuliza, "Atapona lini?"
na mmoja tu, pengine, huuliza,
"Wewe, umekula?"

Sasa tuko nyumba saba. Hatuna jina wala muhuri.
Fundi Bashige wa Panzi hushona vichujio kwa kitambaa cha chandarua.
Shemeji yake Nsimire, yule mlevi, ndiye anayefua mashuka;
anafua vizuri kuliko wote, sijui kwa nini.
Namba zetu nimeziandika kwa chaki
juu ya bei za kunyoa,
na saa nane za usiku simu huwaka:
Kwenu upo?
Kwetu upo. Leteni.

Betri haipandi mlima yenyewe.
Huibeba M'Cirhuza, aliyezeekea kwenye mizigo ya bandarini,
kamba imemchimbia mfereji kwenye paji la uso.
Nilimtolea pesa akazitazama kama mate.
"Simenti ndiyo nzito," alisema. "Hii?"
Akaenda nayo.
Nimeipima mimi. Kilo thelathini na nane.

Sijasema habari za Bagira.
Mama Ciza alipiga simu mara tano, Jumamosi mchana.
Simu yangu ilikuwa mfukoni mwa koti, koti msumarini,
na redio inaimba, na bwana harusi kitini
anataka mstari wa pembeni unyooke.
Betri ilikuwa pale, miguuni pangu, imejaa.
Ilikuwa inanyoa.

Hakunilaumu. Ingekuwa afadhali.
Siku ya tisa baada ya mazishi alishuka Kadutu kwa miguu
na ndoo yenye kifuniko.
Ndani, mirija, imechemshwa, imekaushwa,
imekunjwa kama nguo za mtoto.
"Ya Ciza na ya Murhula ni saizi moja," alisema,
kisha akaketi kwenye kiti cha wateja
akakaa hadi jioni, hanyolewi,
na wateja walisimama.

Tangu siku hiyo simu inaning'inia kwenye kioo,
pale kwenye ufa, nione ikitetemeka.
Na Mama Ciza bado ana zamu yake: Jumatano usiku
hulala kwa Nsimire, ili Nsimire alale.

Murhula amefika miaka sita. Jana ameletwa kunyolewa.
Anataka mstari wa pembeni, kama wakubwa.
Mashine yake niliiweka chini, kando ya guu langu,
yangu mkononi,
zote mbili zinakunywa betri moja.
Alicheka zilipoungana sauti.
Nywele zilimwangukia shingoni, karibu na mrija,
nikazipuliza polepole, kwa pumzi yangu mwenyewe.
Kila nilipofika sikioni nilizima yangu
nikasikiliza yake.